Anti, rafiki yangu wa kwaya kapoteza sauti na sasa ananikwepa

Anti shikamoo. Najua wanaume huku hatuandikagi sana na mke wangu akijua nimekuandikia atacheka wiki nzima, ila hili jambo limenikaa na kila ninayemwambia ananijibu kirahisi tu, "mwombee", kama vile sijaanza kumwombea.

Mi ni mkazi wa Mwanza, nina miaka 46, naimba besi kwaya ya parokia yetu. Nina rafiki yangu, sitamtaja jina, yeye ni tenor, ile sauti ya juu ya wanaume. Tumejuana tangu 1999 tukiwa VIWAWA, kile chama cha vijana Wakatoliki, mimi nimetoka Ukerewe nakaa kwa baba mdogo Kirumba, yeye katoka Muleba kutafuta maisha, wote hatuna mbele wala nyuma, mimi nabeba samaki pale Mwaloni yeye anauza kwenye duka la spea la mtu. Siku tumejiunga na kwaya mwalimu akatupanga mstari wa nyuma, yeye akawa wa mwisho upande wa tenor mimi wa kwanza upande wa besi, kwa iyo tukawa tunasimama bega kwa bega na hapo hapo ndo tumesimama miaka yote hii, wamebadilika mapadre, wamebadilika walimu wa kwaya, sare zimebadilika sijui mara ngapi, sisi tupo pale.

Nota nilikuwa sizijui kabisa. Yeye alisoma seminari kidogo akaacha, ndo alinifundisha do re mi kwa chaki kwenye mlango wa geto lake, mlango wenyewe wa bati, tukimaliza tunafuta kwa kitambaa cha maji mwenye nyumba asione. Baadae tukaanza kutunga, mimi maneno nayaokota kwenye Zaburi yeye anaweka melodi na kupanga sauti, zipo nyimbo zetu kama mbili tatu hivi mpaka leo kwaya inaimba, moja ya matoleo na moja ya shukrani baada ya komunyo. Alinisimamia ndoa. Mimi ni baba wa ubatizo wa binti yake mkubwa ambae sa hivi yuko chuo. Baba yangu alipofariki huyu jamaa alivuka na nusu ya kwaya wakaja mpaka Ukerewe wakaimba usiku kucha. Usiku huo huo tumekaa nje karibu na moto akaniambia mzee tukubaliane kitu, atakaetangulia, mwenzie asimame kaburini amwimbie ule wa shukrani, peke yake, bila kinanda. Tukacheka ila tukashikana mikono.

Sasa mwaka jana mwezi wa kumi na moja akafanyiwa operesheni ya goita, ule uvimbe alikuwa nao shingoni muda mrefu ukafika mahali hata kumeza shida. Hospitali siitaji. Namshukuru Mungu vipimo vilionyesha sio kansa na kidonda kilipona haraka. Ila alitoka na sauti ya kukwaruza, akaambiwa itarudi taratibu. Na ya kuongea imerudi kweli, ukimpigia simu huwezi kujua kama aliumwa, imekuwa nzito kidogo basi. Tatizo anasema kuimba hawezi, akipanda juu inakata, inatoka hewa tu. Mi kusema ukweli sikuamini sana maana mtu anaongea vizuri anacheka vizuri atashindwaje kuimba, nikaona huyu kakata tamaa anahitaji wenzake wamsukume kidogo.

Tukapanga na mwalimu na mwenyekiti, nikamwita aje mazoezini asalimie tu watu. Alipoingia tukamshangilia, mwalimu akampa sauti, akaanzisha ule wimbo wetu wa shukrani ambao tenor ndo inaanza peke yake mistari miwili, wote tukanyamaza tunamsubiri. Akafungua mdomo ikatoka nusu ya noti, akakohoa, akatabasamu, akasema anawahi kumwona mgonjwa, akaondoka. Watu walimpigia makofi mpaka anatoka mlangoni, hakuna aliyemcheka hata mmoja. Toka siku hiyo hajakanyaga mazoezini, kajitoa kwenye grupu la WhatsApp la kwaya, na Jumapili kahamia misa ya kwanza ambayo kwaya yetu haiimbi.

Hatujagombana Anti. Simu zangu anapokea. Anauliza watoto, anauliza kazi, mimi namuuliza shemeji, baada ya hapo kimya, mtu unasikia tu mwenzio anapumua mpaka mmoja aseme haya basi tutaongea. Yaani nimegundua maongezi yetu yote yalikuwa kwaya, nani kakosea wapi, padre kasema nini, wimbo gani tuweke Jumapili ya Matawi. Ukiondoa hayo hatuna cha kuongea, na huyu ndo mtu ninayemwita ndugu yangu.

Kilichonifanya niandike, juzi tulikutana msibani kwa mwanajumuiya, tumekaa chini ya turubai watu wanaimba yeye kanyamaza, akageuka akaniambia "we bado unaweza kuniimbia, ila mimi ya kwako nimeshashindwa, tafuta mtu mwingine." Sikumjibu kitu. Nilikosa cha kumjibu.

Mwaka huu kwaya yetu inatimiza miaka 40, tutafanya jubilei siku ya Mtakatifu Sesilia mwezi wa kumi na moja, na kamati imenipa kazi nimshawishi aje apewe cheti na aimbe hata ubeti mmoja. Mke wangu anasema mwache, moyo ukipoa atarudi mwenyewe. Mwenyekiti anasema tumvute hata kwa nguvu asije akapoa kiimani. Nafasi yake kashawekwa kijana mmoja, anaimba vizuri tu, ila mimi nikisimama nae pale najisikia vibaya kama nimemsaliti mtu. Nimvute au nimwache? Na lile la kuimbiana nimjibu nini?

Besi wa Kirumba

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako nikaiweka pembeni nikampigia kwanza mtu, daktari wa masikio, pua na koo ambaye tuliimba wote alto enzi zile, kwa sababu kuna sentensi moja kwenye barua yako ndo imebeba kila kitu. Umesema "mtu anaongea vizuri atashindwaje kuimba." Anaweza kushindwa. Tuanzie hapo maana usipolielewa hili mengine yote nitakayokwambia utayaona ya huruma tu.

Tezi ya shingo, ile inayovimba ikawa goita, imezungukwa na mishipa ya fahamu, vile vinyuzi vya neva, inayoenda kwenye koo la sauti. Kuna mmoja kila upande unapita nyuma ya tezi, huo ndo unafungua na kufunga nyuzi za sauti, ukivutwa au kuguswa wakati wa operesheni mtu anatoka anakwaruza, na inawezekana kabisa ndo kilichompata mwanzoni, sasa umerudi. Lakini upo mwingine mwembamba zaidi unapita kwa juu, kazi yake ni kuvuta nyuzi zikaze ili sauti ipande. Huo ukipata shida mtu anaongea kama kawaida, simu anapiga, soko anaenda, watu hawajui kitu. Ni yeye peke yake anayejua kwamba kule juu hakuna tena kitu. Kuna mwimbaji wa opera mzaliwa wa Italia, Amelita Galli-Curci, alikuwa na sauti ya juu iliyompa jina dunia nzima, akafanyiwa operesheni ya goita huko Chicago mwaka 1935, na habari zikaenea kwamba kimshipa hicho ndo kilimmalizia kazi. Wapo madaktari waliokuja kubisha baadae wakasema ushahidi hautoshi, sawa, ila madaktari wa upasuaji mpaka leo wanakiita kwa jina lake wakikumbushana kuwa waangalifu.

Sasa huyo wako ni tenor. Tenor anaishi huko juu. Wewe wa besi ukinyang'anywa noti tatu za juu hata hutagundua mpaka Krismasi, yeye akinyang'anywa hizo hizo kanyang'anywa kazi. Na sisemi kuna daktari alikosea, tezi ikishakuwa kubwa inaisogeza hiyo mishipa na hata mikono mizuri inaweza kuigusa.

Kwa hiyo kabla ya jubilei, kabla ya cheti, muulize swali moja: ameshaangaliwa kooni kwa kile kikamera? Wengi wakishaambiwa "itarudi taratibu" hawarudi tena kliniki, wanakaa nyumbani wanasubiri. Mshipa uliovutwa bila kukatwa unaweza kuamka ndani ya miezi, madaktari wengi wanaupa kama mwaka hivi, baada ya hapo kinachobaki mara nyingi ndo hicho hicho. Alifanyiwa mwezi wa kumi na moja, hesabu mwenyewe, bado yupo ndani ya muda lakini muda haumsubiri. Hospitali ya Bugando hapo hapo kwenu wana kliniki ya masikio, pua na koo. Aende, na kama kuna mazoezi ya sauti ya kitabibu apewe ya kwake, asijitibu kwa kupandisha skeli bafuni, maana nyuzi zisipokaza mtu anaanza kulazimisha kwa misuli mingine ya shingo na anajichosha bure. Na wewe usimtume tu aende. Nenda nae, ukae nae kwenye benchi.

Haya, sasa ile siku ya mazoezi.

Umeandika kwamba hakuna aliyemcheka kama vile hiyo ndo nafuu. Mwanangu bora wangemcheka, angekasirika akawatukana kimoyomoyo yakaisha. Mlimwita kwa kumdanganya, mkamsimamisha mbele ya kwaya nzima, mkaanzisha wimbo ambao yeye ndo anaufungua peke yake, tena wimbo alioutunga mwenyewe, mkanyamaza. Halafu mkampigia makofi ya kumwonea huruma mpaka mlangoni. Wewe si unasema maneno ya nyimbo unayaokota kwenye Zaburi? Ya 137 unaijua, ya wale mateka kando ya mito ya Babeli, waliovitundika vinubi vyao kwenye miti, na waliowachukua mateka wakawaambia tuimbieni wimbo mmoja wa Sayuni. Hebu isome tena hiyo uniambie siku ile nyie mlikuwa upande gani.

Nia yenu naijua, sina shida nayo. Ila mwenyekiti wako akirudia kusema mumvute kwa nguvu mwambie Anti amekataa.

Nikupe stori moja ya zamani, na usinune kwamba ni ya Waanglikana. Karne ya 18 kule Uingereza kuna mji mdogo unaitwa Olney. Kasisi wa pale alikuwa John Newton, yule aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa, ndo mtunzi wa ule wimbo wa neema ya ajabu ambao hata nyie lazima mmeshauimba msibani. Mwaka 1767 akahamia pale mshairi mmoja, William Cowper, mtu mpole mwenye akili nyingi na moyo mwepesi kuumia. Wakashibana, bustani zao zilikuwa zinakaribiana kabisa, wakakubaliana watunge pamoja nyimbo za vikao vya maombi vya pale kanisani. Wewe na huyo wako, mnafanana nao hapo. Halafu 1773 Cowper akashikwa na ugonjwa mzito wa akili, akaamini kabisa kabisa kwamba Mungu amemkataa. Zile nyimbo za ibada zikakatika. Kanisani akaacha kwenda.

Newton alimchukua akakaa nyumbani kwake zaidi ya mwaka. Na kilichomrudisha Cowper taratibu hakikuwa nyimbo, kilikuwa bustani, kazi ndogo ndogo za useremala, na sungura alioletewa akawafuga akawatengenezea vibanda kwa mikono yake. Mashairi makubwa yaliyompa jina Uingereza nzima yalikuja baadae sana, kutoka upande mwingine kabisa. Newton mwenyewe kaandika kwamba rafiki yake alipougua na yeye alitundika kinubi chake mitini (Zaburi ile ile unaiona), akataka mradi mzima aufute, asiendelee bila mwenzake. Lakini aliendelea, kitabu kikatoka 1779, nyimbo 348, zaidi ya 60 ni za Cowper na kila ya Cowper kaiwekea herufi C ili watu wajue ni ya nani. Kwenye utangulizi akasema wazi kwamba sababu mojawapo ya kukitoa ni kuweka kumbukumbu ya urafiki wao. Mwaka uliofuata yeye akahamia London, wakaendelea kuandikiana barua, na Cowper alikufa 1800.

Nimeileta hii kwa sababu wewe umeniuliza nimvute au nimwache na mimi sioni kwamba una njia mbili tu. Newton hakukaa kusubiri moyo wa mwenzake upoe. Alikaa nae hapo hapo alipokuwa. Mkeo yuko sahihi nusu, mwache kuhusu kuimba, ila usimwache yeye.

Yuko wapi yeye? Misa ya kwanza. Basi na wewe nenda misa ya kwanza. Sio kila Jumapili, una wajibu wako na kwaya, ila Jumapili moja kila mwezi mwambie mwalimu haupo, vaa nguo zako za nyumbani za kawaida, kaa kwenye benchi pembeni yake kama muumini mwingine yeyote. Usimpe kitabu. Usiimbe besi yako ya kutikisa vioo, imba sauti ya kwanza kama wanavyoimba akina mama, kwa chini. Akinyamaza anyamaze. Nadhani hamjawahi kukaa benchi moja kanisani tangu 1999, siku zote mmekuwa mnasimama kwenye mstari mnaangalia mkono wa mwalimu. Mkitoka kunyweni chai na vitumbua, rudini nyumbani kwa miguu kama ni karibu.

Na pale kwenye benchi kumbuka ule msemo wenu wa kwaya, aimbaye vizuri husali mara mbili, mnaomwandikia Mtakatifu Augustino kwenye kila fulana. Mmeshawahi kufikiria mtu aliyepoteza sauti anausikiaje? Kwamba yeye sasa anasali mara moja? Mwenyekiti anaogopa atapoa kiimani. Mtu anayeamka alfajiri kwenda misa ya kwanza peke yake, bila sare, bila wenzake, bila nafasi ya kusimama, huyo hajapoa. Mimi nina wasiwasi zaidi na wale wa kwaya wasiojua mahubiri yamesema nini kwa sababu walikuwa wanapekua kopi.

Hilo la kuishiwa maneno kwenye simu wala lisikutishe. Nyie hamjawahi kuwa watu wa kupiga stori, nyie ni watu wa kufanya kitu mkononi huku mnaongea. Kazi ndo imeondoka, sio urafiki, tafuteni kazi nyingine. Na ipo, tena nyumbani kwenu. Kwaya ya miaka 40, niambie ukweli, kopi zenu za zamani ziko wapi? Nazijua kwaya. Ziko kwenye katoni sakristia au kwa mtu aliyehama, za mkono, wino umefifia, nyingine panya wameshakula sauti ya nne yote, na nusu yake hazina jina la mtunzi, zimeandikwa juu "Matoleo" basi. Huyo mwenzio ndo alikufundisha nota kwa chaki. Macho yake hayajafanyiwa operesheni, wala masikio. Mpelekee hilo katoni nyumbani kwake, na laptop ya kuazima kama hamna, kuna programu ya kuandikia muziki inaitwa MuseScore ni ya bure, binti yake wa chuo atawawekea kwa dakika chache. Yeye anasoma wewe unaandika, au wewe unasoma anakukosoa, atakukosoa sana na ndo utajua anaanza kurudi. Pangeni siku, jioni moja ya wiki, hata kama ni kuandika wimbo mmoja. Utaona kama mtakosa cha kuongea mkifika kwenye wimbo mliouharibu Pasaka ya mwaka fulani.

Ila usimpelekee kama dawa. Usimwambie "nimeona ukae bize usiwaze." Mwambie ukweli, kwamba kopi zinaoza na wewe peke yako huwezi, maana kweli huwezi.

Kuhusu jubilei. Rudi kwenye kamati kawaambie kazi mliyonipa siifanyi. Asiwekwe kwenye ratiba kuimba hata neno moja, na sapraizi ya aina yoyote ile ifutwe, najua kwaya mnavyopenda sapraizi. Cheti akikitaka atapewa, aulizwe yeye mwenyewe, na akikataa mpelekeeni nyumbani bila spika na bila mpiga picha. Lakini nyimbo zenu mziimbe siku hiyo, na kwenye kopi kila wimbo wake uwe na jina lake juu, limeandikwa kamili. Newton aliweka herufi moja, nyie mna nafasi ya jina zima. Padre akisoma majina ya watunzi na lake likasomwa hata kama yeye kakaa nyuma kabisa karibu na mlango, hiyo inatosha.

Kijana aliyewekwa pembeni yako mwache aimbe jamani, hajamnyang'anya mtu kitu. Ila mpeleke siku moja kwa huyo rafiki yako amfundishe ule mwanzo wa wimbo wa shukrani, mistari ile miwili. Subiri kwanza kazi ya kopi ishike, usianze na hili, na muulize mwenyewe kabla kama yuko tayari. Mtunzi akimsikia kijana anaimba kazi yake vibaya hatavumilia, na kufundisha sauti hakuhitaji kupanda juu, unahitaji kidole na masikio, wapo walimu wa kwaya wengi tu wenye sauti za ajabu.

Nimefika kwenye lile la kaburini, nimeliacha mwisho kwa sababu ndo gumu. Alikwambia tafuta mtu mwingine na wewe ukanyamaza. Sikulaumu, ila ujue mpaka sasa hajajibiwa, na mtu aliyesema neno kama lile akajibiwa kimya anaweza kuamini kwamba umeshakubali. Kamjibu. Na usije ukamwambia "haina shida, tusahau hayo mambo," utakuwa umeuthibitishia moyo wake kwamba alichokuwa nacho kwako ni koromeo tu.

Mi nimeimba alto miaka mingi mpaka magoti yakakataa ngazi za roshani ya kwaya, kwa hiyo nikuulize kitu cha ufundi. Wimbo wenu wa shukrani mnauimba do ngapi? Kama mwalimu wenu ni kama walimu wote mmeuweka juu kwa sababu mlikuwa na tenor wa kujivunia. Sasa chukua kopi uiangalie. Ukitaka kuushusha unabadilisha nini kwenye zile do re mi? Hubadilishi kitu. Nota zote zinabaki vile vile alivyoziandika, kinachobadilika ni pale juu pembeni tu palipoandikwa do ni nini, unafuta unaandika nyingine ya chini. Mtu ambaye sauti yake ya kuongea imekuwa nzito inawezekana huko chini anako kwa kukaa, labda jirani kabisa na kwako. Sijui, daktari na yeye mwenyewe ndo watajua. Na sisemi arudi kwaya awe besi, hilo usiliguse hata kwa utani mpaka alitaje mwenyewe.

Ila siku moja mkiwa na lile katoni, mkiufikia wimbo huo, mwambie hivi au kwa maneno yako: "Mzee nilikaa kimya siku ile msibani. Mimi sitafuti mtu mwingine. Ukiweza kuuimba kwa chini utauimba kwa chini, usipoweza utanisomea maneno, usipoweza hilo utasimama pale umpe mtu sauti umnyooshee mkono aanze. Ila ni wewe." Halafu rudi kwenye kazi, usimkodolee macho kusubiri ajibu. Akilia mwache alie, wanaume mnadhani mtu akilia kuna kitu cha kufanya haraka.

Anaweza pia kukukatalia mambo yote haya mwanzoni, benchi, katoni, kliniki, akakwambia niache kwanza. Basi mwache wiki hiyo, wiki ijayo pita tena na habari nyingine ya kawaida kabisa, bei ya sato, mpira, chochote. Alivuka maji na nusu ya kwaya kuja kumzika baba yako, na wewe unaweza kutembea mtaa mmoja zaidi ya mara moja.

Na kama kwaya yenu ina ile faini ya kukosa Jumapili bila udhuru, nyingi zinayo, lipa tu usibishane na mweka hazina. Misa ya kwanza inaanza mapema, weka alamu.